Logi za seva ya LDAP: zinakaa wapi, na ufanye nini zikiwa kimya

Swali kuhusu logi (kumbukumbu za matukio) za LDAP, ile saraka ya mtandao inayotunza majina na nenosiri za watu, ni lilelile, anayebadilika ni mpigaji simu tu. Juzi alikuwa fundi wa maabara ya shule moja Nakuru. Kabla yake alikuwa kijana anayesimamia mtandao wa chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu. "Nimeweka slapd, watu wengine wanaingia, wengine wanakataliwa. Nimeenda /var/log sioni faili yoyote ya LDAP. Logi ziko wapi?" Kuna siku nilijibu nikiwa nimebanwa kwenye matatu ya Kondele, nikimtajia mtu olcLogLevel (jina la mpangilio wa kiwango cha logi) herufi kwa herufi: o ya Oyugis, l ya Luanda, c ya Chavakali. Basi leo naandika yote mahali pamoja.

Jibu fupi: logi zako hazijapotea. Kwenye Ubuntu na Debian, slapd (yaani seva ya OpenLDAP) husakinishwa ikiwa imeambiwa isiseme mengi. Hata hayo machache inayosema haiandiki kwenye faili yake yenyewe, huyakabidhi kwa syslog, huduma ya mfumo inayokusanya logi. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kuifungua mdomo kwa kiasi, na kuipa faili yake.

Mwongozo huu ni wa OpenLDAP kwenye Ubuntu 22.04, Ubuntu 24.04 au Debian 12. Wenye 389 Directory Server (seva nyingine ya LDAP) nimewawekea sehemu yao huko chini, na kazi yao ni nyepesi zaidi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Akaunti yenye sudo kwenye seva yenyewe. Ya kuingilia LDAP pekee haitoshi.
- Madirisha mawili ya terminali: moja la kuandika amri, jingine la kutazama logi zikipita.
- Programu ya rsyslog, inayopokea ujumbe wa syslog na kuuandika kwenye faili. Ubuntu ya seva huja nayo; Debian 12 haiji nayo, kwa hiyo iweke: `sudo apt install rsyslog`.
- Nafasi ya diski. Endesha `df -h /var/log` uone. Kama imebaki chini ya gigabaiti moja, safisha kwanza, mengine baadaye.
- Nakala ya usanidi wa sasa:

```
sudo slapcat -n 0 > ~/usanidi-kabla.ldif
```

Usiruke hiyo ya mwisho. Ni sekunde mbili, na ukiharibu kitu utakuwa na pa kurudi.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha seva iko hai, na kwamba ndiyo hiyo.

```
systemctl status slapd
sudo ss -ltnp | grep -E ':(389|636)'
```

Bandari 389 ni ya kawaida, 636 ni ya LDAPS (LDAP iliyosimbwa). Kama mwisho wa mstari unaona `ns-slapd` badala ya `slapd`, hiyo si OpenLDAP bali ni 389 Directory Server. Ruka hadi sehemu yake.

2. Tazama zinakoenda sasa hivi.

```
sudo journalctl -u slapd --since today
sudo grep slapd /var/log/syslog | tail -n 20
```

Mara nyingi utaona mistari ya kuwaka na kuzima tu, hakuna jina la mtu aliyeingia. Hapo ndipo wengi hudhani seva imeharibika, kumbe ni mzima kabisa.

3. Weka saa sawa. Hatua hii haipo kwenye miongozo mingi, na sisi ndio hutugharimu zaidi. Mwalimu akikuambia "nilikataliwa saa nne", anasema saa nne asubuhi, ambayo kwenye logi ni 10:00. Na ikiwa aliyesakinisha seva aliiacha kwenye UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, tukio hilohilo limeandikwa 07:00. Fundi mgeni anafungua logi, anatafuta 04:00, anakuta kimya, anamjibu mwalimu kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu naye anaona anaitwa mwongo.

```
timedatectl
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo systemctl restart rsyslog
```

Hakikisha pia `timedatectl` inasema saa imelandanishwa na mtandao. Kwenye mashine kuukuu ambazo betri ya ubao imekufa, stima ikikatika saa hurudi nyuma miaka, na logi zinachanganyika vibaya sana.

4. Soma kiwango cha logi kilichopo.

```
sudo ldapsearch -Q -LLL -Y EXTERNAL -H ldapi:/// \
  -b cn=config -s base olcLogLevel
```

Kwenye usakinishaji mpya wa Debian na Ubuntu utajibiwa `olcLogLevel: none`. Maana yake ni kwamba seva itaandika tu yale mambo mazito yanayoandikwa hata ukiwa umezima kila kitu.

5. Panda hadi `stats`, kiwango kinachoandika miunganisho, maombi na matokeo yake. Tengeneza faili `kiwango.ldif` yenye mistari hii minne:

```
dn: cn=config
changetype: modify
replace: olcLogLevel
olcLogLevel: stats
```

Kisha:

```
sudo ldapmodify -Q -Y EXTERNAL -H ldapi:/// -f kiwango.ldif
```

Ukiona `modifying entry "cn=config"` bila kosa, imekubali. Huhitaji kuwasha upya chochote, na mabadiliko yatabaki hata mashine ikizimwa.

Hapa pana mitego mitatu. Wa kwanza: ukinakili LDIF (muundo huo wa maandishi wa faili uliyotengeneza) kutoka kwenye simu au WhatsApp, mara nyingi nafasi huingia mwanzoni mwa mstari. Kwa LDIF, mstari unaoanza na nafasi ni mwendelezo wa ule wa juu yake, kwa hiyo amri yako inageuka kitu kingine. Wa pili: usiache mstari mtupu katikati, maana mstari mtupu unafunga rekodi. Wa tatu, ambao nimeuona mara nyingi zaidi: watu huingia `/etc/ldap/slapd.d` na kuhariri faili kwa nano. Faili hizo zimeandikwa juu kabisa kwamba zisiguswe kwa mkono, na zina hesabu ya kuhakiki yaliyomo. Tumia `ldapmodify`. Na `/etc/ldap/ldap.conf` ni ya upande wa mteja. Ukiweka kiwango cha logi humo hakuna kitakachotokea hata ungoje hadi kesho.

Viwango vingine vipo. Kila kimoja kina jina na namba: `conns` ni 8, `filter` ni 32, `config` ni 64, `acl` ni 128, `stats` ni 256, `sync` ni 16384. Unaweza kuweka viwili kwa pamoja, mfano `olcLogLevel: stats acl` unapochunguza kwa nini mtu ananyimwa ruhusa. Ukimaliza, rudisha `stats` peke yake.

Kiwango cha `any`, kinachoandika kila kitu, usikiache kikiwa wazi. Nasema kwa sababu niliwahi kukiacha. Ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye chuo kimoja huku kwetu, natafuta kosa la cheti. Nikalipata, nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi maabara nzima haiingii. Diski ya gigabaiti 20 imejaa hadi ukingoni, `/var/log/syslog` peke yake imekula karibu yote, na hifadhidata ya slapd ilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Wanafunzi wamesimama nje na mtihani wa vitendo unaanza saa tatu. Tangu siku hiyo nikipandisha kiwango huweka kengele kwenye simu ya kunikumbusha kukishusha.

6. Ipe slapd faili yake. Kwa kawaida slapd hutuma ujumbe kwa kituo cha syslog kinachoitwa `local4`. Tengeneza `/etc/rsyslog.d/30-slapd.conf`:

```
local4.*    -/var/log/slapd.log
& stop
```

Kistari kabla ya njia ya faili kinaiambia rsyslog isilazimishe kuandika diskini kwa kila mstari. Seva yenye watu wengi itakushukuru. `& stop` inazuia mistari hiyohiyo isirudiwe kwenye `/var/log/syslog`. Namba 30 ina kazi: kwenye Ubuntu kanuni za kawaida ziko kwenye `50-default.conf`, na faili husomwa kwa mpangilio wa majina. Ukiita yako `90-slapd.conf`, utapata kila mstari mara mbili.

```
sudo rsyslogd -N1
sudo systemctl restart rsyslog
```

Amri ya kwanza inakagua makosa ya uandishi bila kuwasha chochote. Isipolalamika, endelea.

7. Jaribu, na ujaribu kwa kukosea makusudi. Dirisha la pili:

```
sudo tail -f /var/log/slapd.log
```

Dirisha la kwanza, weka nenosiri lisilo sahihi (badilisha jina liwe la mtu aliye kwenye saraka yako):

```
ldapwhoami -x -H ldap://localhost \
  -D "uid=jaribio,ou=watu,dc=shule,dc=example" -W
```

Utaona mistari ikidondoka. Hii hapa, nimekata tarehe na jina la mashine:

```
conn=1047 fd=14 ACCEPT from IP=127.0.0.1:51422 (IP=0.0.0.0:389)
conn=1047 op=0 BIND dn="uid=jaribio,ou=watu,dc=shule,dc=example" method=128
conn=1047 op=0 RESULT tag=97 err=49 qtime=0.000011 etime=0.000402 text=
conn=1047 op=1 UNBIND
conn=1047 fd=14 closed
```

8. Panga mzunguko wa faili, la sivyo umejitengenezea ile Jumatatu yangu polepole. Andika `/etc/logrotate.d/slapd`:

```
/var/log/slapd.log {
    daily
    rotate 30
    missingok
    notifempty
    compress
    delaycompress
    postrotate
        /usr/lib/rsyslog/rsyslog-rotate
    endscript
}
```

Hii inafungua faili mpya kila siku, inaweka 30 za nyuma, na kubana za zamani. Ijaribu bila kugusa kitu: `sudo logrotate -d /etc/logrotate.conf`. Siku 30 ni chaguo langu kwa shule, kwa sababu malalamiko mengi hunifikia mwisho wa mwezi.

9. Angalia nani anaweza kuisoma.

```
ls -l /var/log/slapd.log
```

Ubuntu huiunda kwa ruhusa 640, mwenyewe `syslog`, kundi `adm`. Iache hivyo. Fundi mwenzako akihitaji kusoma, mwingize kwenye kundi la `adm`, usifungue faili kwa dunia nzima. Faili hii ina majina ya watu, anwani za mashine zao na saa walizoingia; hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: mtu mwenye haraka huandika nenosiri lake kwenye kisanduku cha jina. Programu inalipeleka kwa seva kama jina la kutafutwa, na logi inaandika `filter="(uid=...)"` na hilo nenosiri ndani yake, wazi kabisa. Nimeliona zaidi ya mara moja. Ukiliona, mwambie mwenyewe alibadilishe siku hiyohiyo.

Kuzisoma bila kupotea

Siri iko kwenye `conn=`. Kila muunganisho una namba yake, na kila ombi ndani yake lina `op=`. Mistari ya watu kumi huchanganyikana, kwa hiyo ukipata mstari unaokuhusu, chukua namba ya muunganisho uvute hadithi yote:

```
sudo grep 'conn=1047 ' /var/log/slapd.log
```

Ile nafasi baada ya 1047 si bahati mbaya. Bila hiyo utapata 10470 hadi 10479 pia. Na kumbuka kwamba slapd ikiwashwa upya huanza kuhesabu tena kutoka 1000. Msimu wa mvua, siku ambayo stima imekatika mara tatu, faili moja inaweza kuwa na `conn=1047` nne za watu tofauti. Angalia saa kila mara.

Kisha soma `err=`:

- `err=0`: imefaulu.
- `err=49`: jina au nenosiri si sahihi. OpenLDAP hutoa 49 hata kama mtu huyo hayupo kabisa kwenye saraka, ili mdukuzi asijue majina yapi yapo. Kwa hiyo usimwambie mtu "umekosea nenosiri" kabla hujakagua kama akaunti ipo na kama `dn` (anwani kamili ya mtu kwenye saraka) iliyoandikwa ndiyo yake. Mara nyingi kosa ni `ou` (tawi la saraka) isiyo sahihi kwenye usanidi wa programu.
- `err=32`: kitu kinachotafutwa hakipo. Aghalabu msingi wa utafutaji umeandikwa vibaya.
- `err=50`: ametambuliwa lakini hana ruhusa.
- `err=13`: seva inadai muunganisho uliosimbwa, na mteja amekuja wazi.
- `err=4`: matokeo yamezidi kikomo.

Kwenye toleo la 2.5 na kuendelea, `etime` ni muda ombi lilichukua kwa sekunde, na `qtime` ni muda lilioketi foleni. Watu wakilia kwamba kuingia kunachelewa, anzia hapo. Ukikuta pia mstari kama `mdb_equality_candidates: (mail) not indexed`, programu fulani inatafuta kwa barua pepe na hakuna faharasa ya `mail`, hivyo seva inapekua saraka nzima kila mara. Dawa yake ni kuongeza `olcDbIndex: mail eq` kwenye hifadhidata husika.

Wenye 389 Directory Server

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye Red Hat na jamaa zake, kwani tangu toleo la 8 Red Hat haiji na seva ya OpenLDAP. Inaandika faili zake yenyewe, bila syslog. Jua kwanza jina la usakinishaji wako, kisha nenda kwenye folda yake:

```
sudo dsctl -l
sudo ls /var/log/dirsrv/slapd-JINA/
```

Faili ya `access` ni ya nani alikuja na akaomba nini. Ya `errors` ni ya matatizo ya seva yenyewe. Ya `audit` ni ya mabadiliko ya data, nayo huja ikiwa imezimwa. Kuiwasha:

```
sudo dsconf JINA config replace nsslapd-auditlog-logging-enabled=on
```

Mzunguko wa faili imejipangia yenyewe, usiiongezee logrotate juu yake. Jambo moja tu huwachanganya wageni: mistari ya `access` hukaa kwenye bafa (hifadhi ya muda ndani ya kumbukumbu) kabla ya kuandikwa. Umejaribu kuingia, unatazama `tail -f`, hakuna kitu. Subiri kidogo, itakuja. Usizime bafa kwenye seva yenye kazi.

Ikikataa

Faili ya slapd.log haijitokezi. Tenganisha matatizo mawili. Tuma ujumbe wako mwenyewe bila kupitia slapd:

```
logger -p local4.info "jaribio kutoka Kisumu"
```

Ukiingia kwenye faili, rsyslog ni nzima na tatizo liko kwa slapd. Rudi hatua ya 4. Usipoingia, tatizo ni rsyslog. Rudi hatua ya 6.

`Insufficient access (50)` wakati wa ldapmodify. Umesahau `sudo`. Njia ya EXTERNAL inamtambua mtumiaji wa mfumo anayeendesha amri, na ni root pekee aliyepewa ruhusa ya kugusa usanidi.

`Can't contact LDAP server (-1)`. Ama slapd imelala, ama `ldapi:///` imeondolewa kwenye `SLAPD_SERVICES` ndani ya `/etc/default/slapd`.

Mistari inaruka, mingine haipo. Tafuta `Suppressed` kwenye `sudo journalctl -u systemd-journald`. Journald, huduma ya systemd inayopokea ujumbe kabla ya rsyslog, hukata huduma inayozidi ujumbe 10,000 ndani ya sekunde 30. Ongeza `RateLimitBurst` kwenye `/etc/systemd/journald.conf`, kisha `sudo systemctl restart systemd-journald`. Lakini jiulize kwanza kwa nini unafika huko. Huenda kiwango cha `any` bado kiko wazi.

Baada ya usiku wa manane slapd.log ni tupu na slapd.log.1 inaendelea kukua. Sehemu ya `postrotate` haipo au imekosewa, hivyo rsyslog bado inashikilia faili ya zamani.

Diski imejaa tayari. Usifute faili kwa `rm`. Rsyslog inaendelea kuishikilia, na nafasi hairudi. Ikate:

```
sudo truncate -s 0 /var/log/slapd.log
```

Slapd haiwaki kabisa na haisemi sababu. Izime kwanza kwa `sudo systemctl stop slapd`, kisha iendeshe mbele ya macho yako:

```
sudo slapd -h "ldap:/// ldapi:///" -u openldap -g openldap \
  -F /etc/ldap/slapd.d -d 1
```

Itamwaga maneno mengi. Sababu huwa kwenye mistari michache ya mwisho kabla haijakata. Mara nyingi ni cheti ambacho mtumiaji `openldap` hawezi kukisoma, au faili za `/var/lib/ldap` zilizogeuka kuwa za root baada ya mtu kuendesha `slapadd` kwa sudo. Hizo za pili zirudishe kwa `sudo chown -R openldap:openldap /var/lib/ldap`. Ikikubali kuwaka, bonyeza Ctrl na C kuisimamisha, halafu iwashe kwa `sudo systemctl start slapd`.